Nyanya haiozi yenyewe

Ukitaka kujua ni saa ngapi sokoni Busia usiangalie simu, uliza bei ya nyanya. Asubuhi saa moja fungu la nyanya tano ni elfu moja na muuzaji hata hakutazami usoni, anapanga tu mafungu yake kama hajakuona. Saa sita zimekuwa saba. Saa tisa jua limepiga mabati mpaka unahisi umefunikwa ndani ya sufuria, sasa ni nane na umeanza kuitwa kastoma. Ikifika saa kumi na moja jioni mama yule yule wa asubuhi anakushika mkono, anakuita mwanangu, anakujazia kaveera, mfuko wa plastiki, alafu anaongeza mbili juu, na macho yake yako kwenye boksi lililobaki chini ya meza, manake analijua hilo boksi, kesho litaamka linatoa maji.

Mi ndio huyo mama. Niko hapa mpakani na Kenya, upande wa Uganda, miaka kumi na moja nikiuza nyanya na msimu ukifika mahindi. Mama yangu Msamia, baba alikuwa dereva wa malori ya Mombasa na Kampala ambaye alilala mpakani usiku mmoja akingoja karatasi zake na akabaki miaka thelathini, ndio maana nyumbani tulikua na Kiswahili, si kile cha redio, hiki hiki cha barabarani unachosoma sasa. Na hapa ndipo wanaposema boda boda ilizaliwa, baiskeli za kuvusha watu kutoka boda ya huku hadi boda ya kule, leo Afrika Mashariki yote inaita jina letu na hatujalipwa hata shilingi mia. Haya, turudi kwa nyanya.

Mwezi wa nne 2018 nilichukua mkopo kwa SACCO yetu nikanunua boksi arobaini kule Sironko chini ya mlima Elgon. Yale maboksi makubwa ya mbao, ukibeba vibaya msumari unakukumbusha. Mvua ilikuwa imeanza, fuso ikakwama kwenye tope usiku mzima, na dereva alikuwa amepanga boksi saba kwenda juu alafu juu ya hizo akaweka magunia ya kabichi na juu ya kabichi akaweka abiria. Tulipofika Busia boksi za chini zilikuwa zimeshakuwa sosi. Hiyo ningevumilia. Kilichoniua ni kwamba asubuhi hiyo hiyo wenzangu watatu, watu ninaokaa nao meza kwa meza, tunaoombana chumvi, kila mmoja alikuwa anashusha fuso yake. Kila mtu alisikia nyanya ya Sironko imeshuka bei, kila mtu akafunga mdomo akaenda kimya kimya ili amuwahi mwenzake. Nyanya zilijaa mpaka zikatandikwa chini njiani watu wakawa wanaruka. Bei ya saa kumi na moja jioni tuliipata saa nne asubuhi. Nilitupa boksi kumi na saba, na nikisema nilitupa namaanisha nililipa kijana wa toroli akazitupe, yaani hata kutupa nilitoa pesa.

Siku mbili baadaye dada yangu ananipigia kutoka Tororo. Huko kwenu kuna nyanya? Huku zimekwisha kabisa, wanauza tatu elfu. Tororo! Ukipanda takisi asubuhi unafika chai bado iko moto kwenye chupa.

Nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nalaumu mvua, barabara, dereva na serikali (serikali iko tu pale ya kulaumiwa, haichoki). Lakini mvua haikunizuia kumuuliza jirani yangu, we kesho unaleta nini? Na barabara haikunizuia kumpigia dada. Tangu hapo kila nikiona chakula kimeoza najikuta naangalia ni nani alimkabidhi nani, na pale kati walifichana nini, manake kuna kitu tu kimefichwa. Mkulima anaweka nzuri juu na zile zilizoiva sana anazizika chini ya boksi. Dalali anaficha bei ya mjini. Dereva anaficha kwamba ana mizigo mingine miwili ya kupitia njiani. Na mimi nimemficha mwenye meza jirani kwamba nimeshaagiza. Kila mtu amejilinda vizuri kabisa alafu mwisho wote tunasimama tunaangalia lundo.

Wakubwa wana hesabu zao. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 walisema kama asilimia 14 ya chakula cha dunia kinapotea baada ya kuvunwa kabla hata hakijafika dukani. Alafu shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, wakatoa ripoti yao 2024 wakasema mwaka 2022 tani bilioni 1.05 zilitupwa kwenye maduka, mahoteli na majumbani, na asilimia 60 ya hizo ni za majumbani. Sisi tulizoea kuambiwa wazungu wanatupa mezani, Waafrika wanapoteza shambani, na tulikuwa tumeridhika na huo mgawanyo. Ripoti ikasema nyumba za nchi tajiri na nyumba za nchi za kipato cha kati wamepishana kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Nilikasirika, nikasema hawa jikoni kwangu hawajafika. Nikaenda jikoni kwangu. Maharage ya juzi yamechacha kwa sababu friji sina, kipande cha posho, yaani ugali, kimegeuka jiwe, parachichi moja jeusi ambalo kila mtu ndani ya nyumba alikuwa anasubiri mwingine ndio alile. Ila pia wanahesabu mpaka maganda, na kwa maganda sisi watu wa matooke, hizi ndizi za kupika, hatuna mpinzani.

Mara moja nilialikwa warsha Kampala, hoteli nzuri, mada ni hii hii ya chakula kisipotee. Siku mbili za slaidi. Mchana bafe imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, watu sitini chakula cha watu mia na hamsini, na saa nane nikaona vijana wa hoteli wanaondoa masinia hayajaguswa. Nikamuuliza mmoja, kaka hivi vinaenda wapi, akacheka tu, akasema mama hata sisi haturuhusiwi kubeba. Niliondoka na mapaja mawili ya kuku kwenye pochi na sijutii.

Wazo letu lilitoka kwenye matanga. Mwaka 2019 mwenzetu mmoja alifiwa na mama mkwe, wanawake wa soko tukaenda kupika. Kama umeshapika kwenye msiba wa huku unajua, watu mia tatu, siku tatu, hakuna bajeti, hakuna friji, vitu vinaingia kidogo kidogo, huyu ameleta mkungu, huyu sukari kilo mbili, huyu kuku amefungwa miguu. Lakini kuna mama mmoja mwenye ufunguo wa stoo na daftari. Yeye ndiye anajua nini kimeingia. Yeye ndiye anapiga simu, nyinyi wa Malaba mnakuja wangapi, mmeshatoka au bado mnavaa? Anasema mikungu iliyoanza kuiva imenywe kwanza, ile ya kijani ingoje. Chakula kikibaki usiku anajua nyumba gani ina watoto wengi na kinafika kabla hakijapoa. Siku ya tatu tulifagia uwanja na hakuna sufuria iliyomwagwa.

Tulikuwa tunamenya matooke siku hiyo ya pili, vidole vyeusi kwa utomvu, Hajjat wa vitunguu akaacha kisu akasema, kwani sisi lazima mtu afe ndio tuambiane ukweli?

Watu walicheka alafu wakanyamaza.

Tulianza wanane. Hakuna katiba, hakuna mhuri, ni grupu ya WhatsApp tu, kila jioni saa mbili kila mtu anatuma sauti: kesho naleta nini, boksi ngapi, kutoka wapi. Sauti na si maandishi kwa sababu wawili kati yetu kusoma ni shida, na pia kwa sababu kuna Wasamia, kuna Wateso, kuna Waganda, kuna dada mmoja Mkongo, na Kiswahili cha kusema kila mtu anacho, cha kuandika kila mtu ana chake. Mwezi wa kwanza tulidanganyana vizuri sana. Mtu anasema kumi analeta ishirini. Tukasema sawa, anayezidisha ziada yake inauzwa mwisho, wengine wakishamaliza. Faini ya pesa tulijaribu ikaleta vita. Lakini kukaa na boksi kumi zako saa kumi na mbili jioni wenzako wanafunga khanga wanakupungia mkono, hiyo inafundisha.

Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba faida kubwa haikutokea sokoni, ilitokea shambani. Zamani mkulima wa Sironko alikuwa hajui dalali atakuja lini, Jumatatu au Ijumaa au asije, kwa hiyo anaacha nyanya shambani mpaka imekuwa nyekundu kabisa, manake nyanya nyekundu ikitokea mnunuzi inaondoka hapo hapo. Nyanya nyekundu juu ya fuso kwenye barabara yetu ni yai. Sasa anajua sisi tunakuja Jumatatu na Alhamisi, gari moja, tunachukua idadi fulani, kwa hiyo anachuma zikiwa zimeanza tu kuona haya, kijani na wekundu kidogo mashavuni, anachuma asubuhi kabla jua halijashika na anaziweka kivulini. Hizo zinasafiri zikiwa ngumu alafu zinaivia kwangu kwenye meza. Hatukumpa mbegu mpya wala dawa. Tulimpa siku tu.

Dereva naye. Zamani kila mtu alikuwa na dereva wake na dereva analipwa kwa kupakia, kikiharibika ni chako. Tukamwambia mmoja, sisi ni wanane, mizigo yako ni ya uhakika mara mbili kwa wiki, hutakaa tena barabarani siku nzima ukingoja gari lijae, lakini nusu ya pesa utapewa ukipakia na nusu tutahesabu kwa boksi zitakazofika nzima. Alikataa. Wiki mbili alikuwa anapita hapa kama hatujui. Alafu akarudi. Sasa hapangi zaidi ya boksi nne kwenda juu, anaweka mbao katikati, ndani ya boksi wanatandika majani makavu ya migomba kama bibi zetu walivyofanya, na abiria wa juu ya mzigo amewafukuza mwenyewe, tena kwa matusi. Nilipoona hilo nilielewa kwamba huyu mtu siku zote alikuwa anajua kubeba nyanya, sema hasara haikuwa yake. (Na ndio, nimeona hapo kuna nyanya na kuna bibi anayeitwa pia nyanya, na mwanangu anapenda kuniuliza kama bibi wa Sironko wanamuuza kwa fungu. Kiswahili hiki.)

Zilizolainika saa tisa wanakuja kina Mama Chapati. Rolex inataka nyanya na haijali kama nyanya ina uso mzuri, chapati, mayai, kabichi, nyanya iliyokatwakatwa, nani ataangalia. Kikomando, ile chapati na maharage, ndio kabisa, maharage yanapenda nyanya iliyoiva ikavuka. Tunawapa nusu bei na wanachukua zote, hawachagui, hayo ndiyo makubaliano, ukianza kuchagua unarudi kwenye bei ya kawaida. Zinazotoka hapo zimepasuka anachukua Mzee wa Nguruwe jioni na baiskeli yake. Na ng'ambo ya Kenya kukiwa na bei nzuri tunavusha pamoja na wale jamaa wa baiskeli za magurudumu matatu, walemavu ambao biashara ya kuvusha mizigo mpaka huu wanaijua kuliko forodha yenyewe. Kuna utaratibu wa mfanyabiashara mdogo, mzigo usiozidi dola 2,000 unapewa karatasi rahisi ya asili ya bidhaa unapita bila ushuru, lakini miaka nilikuwa siujui na nilikuwa napita njia za panya nikizunguka mashamba, na nyanya kwenye njia ya panya zinakaa juani masaa.

Sasa mahindi, na hapa nikae kidogo kwa sababu mahindi yalitutia aibu nchi nzima.

Tarehe 5 mwezi wa tatu 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania, wakasema yana sumukuvu nyingi, ile aflatoksini. Malori yakapanga foleni hapa na Malaba. Baada ya siku kama tano wakafungua tena kwa masharti, waagizaji wajisajili, kila mzigo uje na cheti kwamba sumu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Huku watu walisema ni siasa, Wakenya wanalinda wakulima wao, na siasa pengine ilikuwepo, mi sibishani. Lakini nimenunua mahindi vijijini miaka mingi na najua yanavyoanikwa. Yanamwagwa chini kwenye udongo, kandokando ya lami, mbuzi wanapita juu, mvua inakuja ghafla yanakusanywa mabichi yanawekwa ndani ya gunia yakifuka joto. Yanapigwa na fimbo ili yapukuchuke, punje zinapasuka, na kwenye mpasuko ndipo ukungu unaingia. Kenya mwaka 2004 watu zaidi ya mia moja walikufa upande wa Makueni na Kitui kwa mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo tusicheze.

Hebu piga hesabu. Sehemu 10 kwa bilioni kwenye gunia la kilo 100 ni miligramu moja. Punje chache za chumvi ndani ya gunia zima! Na lori la mahindi ya huku haliwi la mkulima mmoja, ni la wakulima thelathini, huyu magunia mawili, huyu matatu. Mmoja akianika kwenye udongo ameshawaharibia ishirini na tisa waliotandika turubai. Hakuna namna ya kuwa msafi peke yako kwenye lori. Ndio maana kijiji kimoja tunachonunua sasa wana turubai za pamoja, zinazunguka kwa zamu kama mchango wa wanawake, na mashine moja ya kupukuchua wanailipia kwa gunia, na kabla hatujapima uzito kila gunia linapimwa kwa chupa. Hii ya chupa ni nzuri, chukua: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo, punje za mahindi mpaka kama robo, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika ukutani mahindi bado yana maji. Ikibaki chini mahindi yamekauka kiasi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kwa hiyo utahitaji kipimo chenyewe cha umeme, lakini chupa inaondoa wale waongo wakubwa, na inafanywa mbele ya watu wote ndio utamu wake. Hakuna mtu anagombana na chumvi.

Na mahindi yakishaota ukungu usimpe kuku wala ng'ombe ukidhani umeokoa chakula, sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Kwa hilo Mzee wa Nguruwe ni mkali, alishawahi kunirudishia gunia.

Kuhusu kuhifadhi, ile mifuko ya PICS ya plastiki mbili ndani ya gunia ni kitu kizuri, ilianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, unafunga hewa ndani, fukusi wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. WFP, shirika la mpango wa chakula la Umoja wa Mataifa, walijaribu vyombo vya kufunga hewa pamoja na mafunzo kwa wakulima wa Uganda na Burkina Faso 2013 na 2014, hasara ya kwenye stoo ikashuka kwa asilimia 98. Sasa uliza kwa nini si kila nyumba inayo. Watu wa warsha watakwambia elimu. Mi nakwambia karo. Mahindi yanatoka mwezi wa saba, wa nane, bei imelala, muhula wa tatu unakuja, mtoto atarudishwa nyumbani. Mkulima anajua kabisa mwezi wa tatu bei itakuwa mara mbili, lakini mwezi wa tatu hauna karo ya mwezi wa tisa. Anauza mabichi, kwa dalali, anayachukua yakiwa na maji, na safari ya ukungu imeanza. Sheria ya stakabadhi za ghala Uganda tunayo tangu 2006, unapeleka mahindi ghalani, unapewa karatasi, karatasi unaweza kukopea. Nzuri sana. Lakini mwenye magunia manne peke yake ghala haliko karibu naye. Hao wa kijiji chetu wanachofanya ni kidogo zaidi: kikundi kinamkopesha mtu nusu ya bei ya gunia linalobaki stoo, kutoka kwenye akiba yao wenyewe, na gunia linafungwa mbele ya mashahidi. Si kila mwaka pesa inatosha. Mwaka jana ilitosha magunia sitini.

Nisikudanganye kwamba kushirikiana ni asali. Sisi wenyewe mweka hazina wetu wa kwanza aliondoka na pesa ya turubai, mpaka leo simu yake inasema haipatikani, na kwa mwaka mzima ukisema neno "kuchanga" watu wanaangalia juu. Wazee nao wana vidonda vyao vya zile kooperetivu za zamani, walipeleka pamba na kahawa wakalipwa ahadi, ukiwaambia kikundi wanakuuliza nani anashika ufunguo. Ni swali zuri. Na kuna chumba baridi nakijua, sitasema ni wapi wala cha nani, kilijengwa kizuri na mfadhili, kikafunguliwa na ngoma na tisheti, leo ndani yake kuna viti vya plastiki vya kukodisha harusini. Mashine haikuharibika. Hakuna aliyekaa na watu kwanza kukubaliana umeme unalipwa na nani siku ambayo chumba kiko nusu. Kule Mbarara na upande wote huo vyama vya wafugaji vina vituo vya kupoza maziwa miaka na miaka na vinafanya kazi, kwa sababu maziwa yanakuja kila asubuhi, kila mtu analeta, kila mtu anakatwa kidogo. Mashine ni ile ile ya ubaridi.

Majanji, kwenye ziwa hapa wilayani kwetu, nitapita haraka. Mukene, wale dagaa wadogo, wakianikwa kwenye mchanga mvua ikinyesha wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kuku. Wakianikwa juu kwenye vichanja vya wavu wanakauka haraka, hawana mchanga, watu wanawala. Wavu mmoja mtu hawezi, watano wanaweza. Kuna wanaofanya, kuna wasiofanya, na mchanga bado ni bure.

Na taka. Tarehe 10 mwezi wa nane 2024 lile jaa la Kiteezi nje ya Kampala, lililokuwa linapokea taka za jiji tangu 1996, liliporomoka na mvua, likafunika nyumba na watu, walikufa si chini ya thelathini na watano. Niliona zile picha nikiwa mezani kwangu. Taka nyingi za Kampala ni vitu vya kuoza, maganda ya matooke, majani ya kufungia mkungu, kabichi za soko. Watu wengine Kampala wananunua magunia ya maganda kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, ni biashara kabisa, asubuhi utawaona wakizunguka mahotelini. Kwa hiyo ganda lile lile kwa mtaa huu ni pesa na kwa mtaa ule ni mlima unaoanguka. Nilifikiria zile boksi zangu kumi na saba za 2018, kijana wa toroli alizipeleka wapi. Sikumuuliza siku ile.

Sasa hivi ninavyoandika ni saa mbili na nusu usiku. Sauti zimeshaingia saba. Hajjat analeta vitunguu magunia matatu. Dada Mkongo haleti kitu, mtoto anaumwa, ameomba meza yake mtu aiangalie. Dereva amesema mvua imenyesha huko juu, ataondoka saa kumi alfajiri badala ya saa nane, tusimpigie pigie. Mzee wa Nguruwe leo hakuja, simu imezima, na mimi nina boksi moja na nusu zimepasuka hapa mlangoni zinaanza kuvuta nzi. Nimetuma sauti kuuliza nani anajua mtu mwingine mwenye nguruwe, au bata, au shimo la mbolea, upande wowote wa mpaka. Mama Chapati mmoja amejibu, ameuliza zimepasuka kiasi gani.

Nimempigia picha. Nangoja.